TABIBU WA BLIDA: FRANTZ FANON NA MADHEHEBU YA ELIMU YA NAFSI

Mwezi wa Novemba mwaka 1925 meli iliyotoka Ulaya ilitia nanga Mombasa, na miongoni mwa abiria walioshuka alikuwamo tabibu wa Kiswisi mwenye umri wa miaka hamsini, jina lake Carl Gustav Jung. Hakuja kuwinda simba wala kutafuta shamba. Alikuja kuitafuta nafsi ya mwanadamu. Alipanda gari la moshi hadi Nairobi, akasafiri mpaka kwenye miteremko ya mlima Elgon, na huko, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akaketi na wazee na kuwauliza wanaota nini usiku. Mganga mmoja mzee alimjibu huku machozi yakimlengalenga. Zamani, alisema, waganga waliota ndoto zilizowaonya juu ya vita, maradhi na mvua. Lakini tangu Wazungu waje hapana aotaye tena. Mambo yote sasa anayajua Bwana DC, basi ndoto za nini?

Jung aliyahifadhi maneno hayo katika maandishi yake, kisha akaenda zake kwa njia ya Mto Nile.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Julai, mbali kabisa na hapa, katika mji wa Fort-de-France kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi, alizaliwa mtoto aliyeitwa Frantz Fanon. Mtoto huyo alipokua naye alikuwa tabibu wa akili. Alivisoma vitabu vya Jung na vya wenziwe, akavipima kimoja kimoja, na swali alilowauliza wote lilikuwa juu ya mtu ambaye Jung alimpita njiani bila kumchungua sana: huyu Bwana DC aliyewanyang'anya wazee ndoto zao, mbona hayumo katika elimu yenu?

Wengi wetu tunamjua marehemu Fanon kama mtu wa siasa na mapinduzi. Leo, msomaji mpenzi, natuitazame sura yake ya pili, ya tabibu aliyeingia wodini kila asubuhi. Kwani ndiko alikoyajaribu madhehebu makubwa ya elimu ya nafsi, ile ambayo siku hizi huitwa saikolojia, na kuona ni yapi yamfaayo mgonjwa na ni yapi yamfaayo bwana wa mgonjwa.

MTOTO WA MARTINIQUE

Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha na mama yake alikuwa na duka. Hawakuwa matajiri, lakini waliweza kumpeleka mtoto wao katika shule kubwa ya mjini, Lycée Schoelcher, ambako mshairi Aimé Césaire alikuwa mwalimu. Katika shule za visiwani huko watoto weusi, wajukuu wa watumwa, walifundishwa historia ya Ufaransa kana kwamba mababu zao walizaliwa huko. Lugha yao ya nyumbani, Kikrioli, ilidharauliwa. Mtoto aliyesema Kifaransa cha Paris alihesabiwa kuwa amekaribia utu.

Kijana Fanon aliyasadiki hayo. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, alitoroka Martinique mwaka 1943 akavuka bahari mpaka Dominica ili ajiunge na majeshi ya Jenerali de Gaulle. Baadaye alipelekwa Moroko na Aljeria, kisha akapigana katika ardhi ya Ufaransa yenyewe, akajeruhiwa mwishoni mwa mwaka 1944 na kupewa nishani ya ushujaa. Ajabu ya dunia, afisa aliyeitia saini nishani hiyo alikuwa Kanali Raoul Salan, yule yule ambaye mwishoni mwa mwaka 1956 alifanywa mkuu wa majeshi ya Ufaransa huko Aljeria, vita ambavyo Fanon alikuwa upande wa pili.

Jeshini Fanon alizinduka. Aliona kuwa katika jeshi lile la ukombozi watu walipangwa kwa rangi zao: Wazungu juu, watu wa visiwani chini yao, Waafrika na Waarabu chini kabisa. Aliyekuwa amekwenda kuwa Mfaransa alirudi akijua kuwa hakuwa Mfaransa machoni pa Wafaransa.

Mwaka 1946 alikwenda Lyon kusomea utabibu. Ameeleza mwenyewe jinsi mtoto mdogo wa Kizungu alivyomwona siku moja ya baridi, akamshika mama yake na kulia kwa hofu, akimnyoshea kidole kwa weusi wake. Mambo kama haya humpata mtu akayasahau. Fanon hakuyasahau. Alijiuliza ni madhehebu gani katika vitabu alivyokuwa akisomeshwa yangeweza kueleza yaliyompata mtoto yule, na yaliyompata yeye mwenyewe wakati ule.

MADHEHEBU NA IMAMU WAKE

Sisi tuliopitia chuoni tukiwa wadogo tunajua kuwa madhehebu ni manne na kila moja lina imamu wake, lakini kibla ni kimoja. Elimu ya nafsi ya Wazungu nayo ina madhehebu na maimamu. Tofauti ni kwamba wao wanabishana hata juu ya kibla.

Kundi la kwanza ni la ubongo. Hawa husema kuwa wazimu ni ugonjwa wa kiungo kama ulivyo ugonjwa wa ini. Tafuta kilichoharibika kichwani, utibu kwa dawa, kwa umeme au kwa kisu.

La pili ni la Sigmund Freud wa Vienna, aliyefariki mwaka 1939. Yeye alisema kuwa nafsi ina chumba cha chini kisichofikiwa na fahamu. Humo hufungiwa tamaa na hofu za utotoni, hasa zile zitokazo baina ya mtoto na wazazi wake, nazo hujitokeza usiku katika ndoto na mchana katika maradhi. Dawa yake ni maneno: mgonjwa azungumze mpaka kilichofungiwa kitoke.

La tatu ni la Alfred Adler, aliyekuwa pamoja na Freud wakaachana mwaka 1911. Kwake yeye kiini ni unyonge. Kila mtoto huanza maisha akijiona duni mbele ya wakubwa, na maisha yake yote ni jitihada ya kulijaza pengo hilo.

La nne ni la huyu Jung wetu aliyeshuka Mombasa. Naye alitengana na Freud, akisema kuwa chini ya chumba cha kila mtu mmoja mmoja iko ghala kubwa zaidi, ya wanadamu wote, yenye sura na alama tulizorithi tangu kale.

La tano liliota mizizi kwa Ivan Pavlov wa Urusi na mbwa wake waliodondokwa na mate wakisikia ishara ya chakula, likatangazwa Marekani na John Watson mwaka 1913. Hawa walisema: yaliyo moyoni hatuyaoni, basi tuyaache. Tutazame tendo, na kile kinachochochea tendo. Tabia hufundishwa, na ikifundishwa hufundishika upya.

Fanon hakuchagua imamu mmoja akawakana wengine. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, alitoa kitabu chake cha kwanza, Peau noire, masques blancs, kuhusu mtu mweusi aliyevishwa uso wa kizungu. Alikuwa ametaka kitabu hicho kiwe ndiyo tasnifu yake ya udaktari, lakini wakubwa wake hawakukikubali, ikambidi mwaka 1951 aandike tasnifu nyingine juu ya maradhi ya mishipa ya fahamu yanayorithiwa. Hata humo aliuliza swali lake: ugonjwa wa ubongo huishia wapi, na ugonjwa wa nafsi huanzia wapi?

Katika kitabu kile aliwapitia maimamu mmoja baada ya mwingine. Kwa Freud alikiri kuwa ni kweli utoto huacha alama. Lakini, alisema, mtoto mweusi aliyelelewa vyema katika nyumba njema hupatwa na dhiki ya nafsi siku anapokutana na ulimwengu wa Wazungu. Basi chanzo hakiko kwa mama wala kwa baba, kiko nje ya mlango. Kwa Adler alisema kuwa watu wa Martinique kweli wanajilinganisha mchana kutwa, ila mizani si yao. Imewekwa na mtu wa tatu, Mzungu, hata pale wanapojipima weusi kwa weusi. Unyonge huo si maradhi ya mtu mmoja, ni utaratibu wa jamii nzima. Kwa Jung alisema kuwa ghala ile ya alama hairithiwi ubongoni. Hujazwa na hadithi, sinema na magazeti ya watoto, ambamo mwovu daima ni mweusi na shujaa ni mweupe, na mtoto mweusi anayesoma hujiweka upande wa shujaa. Akaongeza jambo linalotuhusu: wale watu wa Kenya ambao Jung alichungua nafsi zao hawakuwa watu wa kale wasioguswa. Walikuwa wamekwisha kuumizwa na Mzungu kabla hajafika na daftari lake.

BUNDUKI NI BUNDUKI

Mfano mmoja waonyesha vizuri zaidi tofauti ya mitazamo hii. Mwaka 1947 Wamalagasi waliinuka dhidi ya Wafaransa, wakauawa maelfu kwa maelfu. Miaka mitatu baadaye Mfaransa Octave Mannoni, aliyekuwa amekaa kisiwani Madagaska, alitoa kitabu akieleza nafsi ya mtawaliwa. Alidai kuwa Mmalagasi ana haja ya ndani ya kumtegemea mkubwa, hata kabla ya kuja kwa mkoloni, na kwamba mkoloni alikuja tu kulikalia kiti kilichokuwa kikimngoja. Ndani yake mlikuwa na ndoto za Wamalagasi, baadhi yao watoto, ambamo mwotaji hufukuzwa na fahali weusi au na askari wa Kisenegali wenye bunduki. Mannoni alizifasiri kwa njia ya Freud. Fahali na askari wakawa sura ya baba anayeogopwa, na silaha ikawa alama ya uume.

Fanon aliuliza ndoto hizo zimeotwa lini na wapi. Zimeotwa wakati wa mauaji, katika nchi ambayo askari wa Kisenegali walitumiwa na Wafaransa kutesa watu vituoni. Basi bunduki ndani ya ndoto ile, akasema, ni bunduki, tena akaitaja na aina yake, Lebel ya mwaka 1916. Mtoto anaota kile alichokiona mchana.

Hakukataa kuwa ndoto ina siri. Alilokataa ni kumfunga macho mfasiri asiuone mtutu uliomwelekea mwotaji, kisha akamwambia mwotaji kwamba hofu yake inatokana na baba yake. Hapo ndipo alipoweka jina la njia yake mwenyewe: mbali na maumbile aliyorithi mtu, na mbali na mambo ya utoto wake, kuna chanzo cha tatu, nacho ni jamii anayoishi.

HOSPITALI INAYOTIBIWA

Baada ya masomo alikwenda katika hospitali ya kijijini Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, kufanya kazi chini ya François Tosquelles, Mkatalani aliyekimbia Hispania baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko aliikuta njia nyingine. Tosquelles alisema kuwa hospitali yenyewe ni mgonjwa. Ukimfungia mtu ndani ya kuta, ukamnyima kazi, mazungumzo na heshima, wazimu utakaouona nusu yake umeutengeneza wewe. Kwa hiyo Saint-Alban wagonjwa na wauguzi walikutana wakazungumza, wakatoa gazeti, wakafanya kazi na kusherehekea pamoja. Wakati huo huo umeme na dawa za wanamadhehebu wa ubongo zilitumika, na mazungumzo ya Freud yalitumika. Fanon naye aliyatumia yote katika maisha yake.

Novemba 1953 alipewa kazi Aljeria, katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya Blida-Joinville, si mbali na mji wa Algiers. Hapo madhehebu yaliyotawala yalikuwa ya Profesa Antoine Porot. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamefundisha tangu miaka mingi kwamba Mwislamu wa Afrika Kaskazini ana upungufu wa kimaumbile: tabaka la juu la ubongo wake halifanyi kazi sawasawa, hutawaliwa na sehemu za chini, na kwa hiyo ni mwongo, mvivu na mwenye kuua bila sababu. Hayo yalisomeshwa chuoni kama elimu.

Fanon alikabidhiwa wagonjwa wa namna mbili: wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Pamoja na msaidizi wake, daktari kijana Jacques Azoulay, alianza kazi kwa njia ya Saint-Alban. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vizuri. Walikutana, wakaandaa sherehe na muziki, wakaandika gazeti, na wodi ikapata uhai. Kwa wanaume Waislamu mambo yalikuwa kinyume. Waliitwa mikutanoni, wakakaa kimya. Waliandaliwa sherehe, hawakucheza. Gazeti hawakuliandika kwani wengi hawakujua kusoma. Miezi ikapita, wodi ikabaki imenuna.

Hapa, msomaji, ndipo ninapomheshimu mtu huyu zaidi kuliko mahali pengine popote. Jibu lilikuwa tayari mkononi mwake, limeandikwa na maprofesa: hawa ni watu wenye ubongo pungufu. Angelichukua, angepumzika. Badala yake alisema kuwa kosa ni lake. Mwaka 1954 yeye na Azoulay walichapisha makala wakieleza kushindwa kwao wazi wazi. Tuliwaletea wagonjwa, walisema kwa maana, jamii ya Kifaransa na kuwataka wapone ndani yake, ilhali wao ni Waislamu, wengi wao watu wa mashamba, wenye jamaa zao, sikukuu zao na lugha yao. Na sisi tabibu hatukuijua lugha hiyo. Tulizungumza nao kwa mkalimani, na kwa mtu aliyezoea kukutana na mkalimani mahakamani na kwa polisi, mkalimani si rafiki.

Basi wakabadili. Walifungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, watu wakae wanywe kahawa wazungumze kama wazungumzavyo mjini kwao. Wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu. Wakamwalika msimulizi wa hadithi, mtu wa kazi hiyo, aje awasimulie. Palitengenezwa kiwanja cha kandanda. Wanaume waliokuwa mabubu wakaanza kusema.

MAJINI NA PICHA

Katika miaka mitatu hiyo Fanon aliandika pia juu ya namna Waislamu wa huko wanavyomtazama mwenda wazimu. Aliona kwamba mama anayetukanwa na mwanawe mgonjwa hamwekei mwana kinyongo. Anajua si yeye asemaye, ni jini. Mgonjwa akipona hurudi kundini bila aibu wala lawama. Muuguzi wa Kizungu, kwa upande wake, mara nyingi humshuku mgonjwa kuwa anajitia au ana hila. Fanon hakuamini majini, na wala hakusema hospitali zifungwe. Alisema tu kwamba katika jambo la kumheshimu mtu aliye mgonjwa, wale walioitwa washenzi walikuwa wametangulia. Sisi wa pwani, ambao tunawajua watu waliopelekwa kwa mwalimu wakanyweshwa kombe, wakapungwa, na mwishowe wakafikishwa hospitali, tunaelewa asemalo.

Jaribio lake jingine lilihusu kipimo cha picha kilichobuniwa Marekani miaka ya 1930. Mgonjwa huonyeshwa picha akaambiwa atunge kisa, na kutokana na kisa hicho tabibu husoma nafsi yake. Wanawake Waislamu walioonyeshwa picha hizo walisema machache sana, tena kwa kusitasita. Mpimaji mwepesi angeandika kuwa hawana mawazo. Fanon na mwenzake Charles Geronimi walitazama picha zenyewe: nguo, nyumba, vyombo, nyuso, vyote vya nchi ya watu wengine. Walipopewa ile karatasi isiyo na picha yoyote, wanawake wale wale walisimulia mengi. Wengine wetu tuliofanyiwa mitihani shuleni juu ya theluji na miti ya Krismasi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

DAKTARI WA MATHARI

Hapa ndipo habari hizi zinapoingia nyumbani kwetu. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya Dkt. J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo, hata akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha kitabu chake kingine, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao, wamewekwa kambini, wananyongwa, naye tabibu akatafuta sababu ya hasira yao ndani ya mafuvu yao na katika nafsi zilizovurugwa na mabadiliko.

Fanon alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, akamweka bega kwa bega na Porot. Mmoja Algiers, mwingine Nairobi, mmoja akiandika Kifaransa na mwingine Kiingereza, hukumu moja. Aliona hilo si sadfa. Elimu inayosema kuwa maasi ni ugonjwa wa ubongo humwondolea mtawala haja ya kuuliza habari ya shamba.

TABIBU BAINA YA MOTO MIWILI

Tarehe 1 Novemba 1954 vita vya uhuru vilianza Aljeria. Mchana Fanon aliwatibu askari na polisi wa Kifaransa, na kwa siri aliwatibu wapiganaji. Katika wodi zake alikutana na matunda ya vita pande zote mbili, na visa hivyo aliviandika.

Alikuja polisi mmoja aliyekuwa akitesa watu mpaka akawa anasikia mayowe yao nyumbani usiku. Siku moja katika uwanja wa hospitali alikutana uso kwa uso na Mwaljeria aliyekuwa amemtesa, naye yuko hapo kutibiwa. Polisi akapatwa na mtetemeko akashindwa hata kutembea. Yule mteswa alipatikana chooni akijaribu kujiua, akidhani wamekuja kumchukua tena. Mkaguzi mwingine wa polisi alikuwa amefika hadi ya kumpiga mkewe na watoto wake. Hakutaka kuacha kazi. Alimwomba Fanon amponye ili aweze kuendelea kutesa bila kusumbuliwa na dhamiri.

Tafakari, msomaji, tabibu ajibu nini. Madhehebu ya tendo yangeweza kumfundisha asitetemeke. Wa ubongo wangempa dawa alale. Wafuasi wa Freud wangeutafuta utoto wake. Kila moja lingeweza kumtuliza, na kila moja lingemrudisha kazini. Fanon alifahamu kuwa kuna hali ambayo kumponya mtu ni kumrudisha kuwa mkosaji. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliandika barua ya kujiuzulu kwa waziri mkaazi Robert Lacoste, akieleza kuwa kazi ya tabibu wa akili ni kumfanya mtu asiwe mgeni katika mazingira yake, na kwamba Mwarabu amegeuzwa mgeni wa kudumu katika nchi yake. Januari 1957 alifukuzwa Aljeria.

Alihamia Tunis. Huko aliandikia gazeti la wapiganaji, El Moudjahid, na katika hospitali ya Charles-Nicolle akaendesha kituo cha mchana, ambamo mgonjwa alikuja asubuhi akatibiwa na jioni akarudi kulala kwao. Aliona kuwa mgonjwa asing'olewe katika maisha yake, maana ndani ya maisha hayo ndimo mlimo ugonjwa na ndimo mlimo dawa. Desemba 1958 alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, ambao mwenyekiti wake alikuwa kijana wetu Tom Mboya, na humo akatetea haki ya Waaljeria kupigana kwa silaha. Mwaka 1960 akawa balozi wa serikali yao ya muda nchini Ghana.

KASORO NA MWISHO

Mwanadamu hakosi kasoro. Kitabu chake cha mwisho, Les damnés de la terre, kilifungua kwa kusema kuwa kutumia nguvu humtakasa mtawaliwa na kumwondolea unyonge. Lakini sura ya mwisho ya kitabu hicho hicho imejaa watu waliovunjwa na nguvu hizo, wakiwamo waliozitumia kwa haki. Mwanasiasa alisema vidonda vitapona kwa vita, tabibu akaandika kwamba vita vimeongeza vidonda. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hata Kiarabu, alichokiona kuwa mlango wa nafsi za wagonjwa wake, hakukijua vya kutosha kuwatibu bila mkalimani.

Mwishoni mwa mwaka 1960 iligunduliwa ana saratani ya damu. Alitibiwa Urusi ya Kisovieti, akarudi, akakisimulia kitabu hicho mbio mbio kwa miezi michache, huku mwandishi akiandika. Oktoba 1961 alipelekwa Marekani, nchi asiyoipenda, akafariki hospitalini Bethesda tarehe 6 Desemba, mwaka ule ule alioaga dunia Jung. Alikuwa na umri wa miaka 36. Maiti yake ilirudishwa Tunis, ikavushwa mpaka na wapiganaji, akazikwa katika udongo wa Aljeria miezi saba kabla ya uhuru wa Julai 1962. Hospitali ya Blida leo inaitwa kwa jina lake. Kitabu chake nacho kilitufikia kwa lugha yetu katika miaka ya 1970, kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga.

Madhehebu yale matano hayakufa. Yanasomeshwa vyuoni mwetu, na kila moja lina haki yake: ubongo huugua, utoto huacha alama, unyonge huuma, hadithi hutuumba, na tabia hufundishwa. Aliyoyaacha Fanon ni swali la kuyatanguliza yote. Kabla ya kumpima mtu, uliza amelala wapi, anasema lugha gani, anamwogopa nani. Na akikaa kimya mbele yako, anza kwa kujishuku wewe.

Yule mganga wa Elgon hakuwa na ubongo pungufu, wala hakuwa na jambo na baba yake. Alikuwa na DC. Ilimhitaji mtoto mchanga wa Martinique, aliyekuwa mikononi mwa mama yake siku hiyo, akue, asome na aumie, ndipo machozi yale yapate tabibu wa kuyasoma.